Nyumba Iliyohama: Habari za Bethlem na Broadmoor, pamoja na Neno kwa Wanachama

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka uliopita palizuka shauri ambalo halikumalizika. Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, aliomba Chama kimsaidie nauli ya kwenda kumtazama mwanawe. Kijana huyo mahakama ilimkuta ametenda kosa kubwa hali akili zake hazimo, ikaamuru awekwe katika hospitali yenye ulinzi. Wanachama wengine waliafiki kwa moyo mmoja. Wengine wakapinga, wakasema kwamba fedha za Chama ni za mazishi, karo, na wagonjwa wanaotarajiwa kurudi nyumbani, wala si za mtu aliyekwisha kufungiwa. Ndipo mzee wetu mmoja akasimama na kuuliza swali lililotunyamazisha sote: “Huyo kijana, yuko hospitali au yuko gerezani?”

Hakuna aliyeweza kumjibu. Halmashauri ikaliahirisha shauri hilo, ikatuagiza sisi wa ofisi ya Katibu tutafute habari za mambo hayo na kuziandika katika kitabu hiki cha ripoti, ili wanachama wazisome kabla ya kupiga kura.

Tumeitimiza amri hiyo kwa kadiri ya uwezo wetu. Sisi si waganga wala mawakili, tu makarani tu. Huenda wanachama wakashangaa kuona kwamba tumekwenda mpaka Uingereza kutafuta jibu la swali lililoulizwa hapa. Sababu ni hii: sheria ambayo mahakama zetu huitumia kumpima mtu aliyekosa hali ana maradhi ya akili ilizaliwa katika mji wa London mwaka wa 1843, na mtu aliyesababisha izaliwe alikuwa miongoni mwa wale waliotolewa katika hospitali ya kale na kupelekwa mahali papya mwaka wa 1864. Basi habari za kuhama kwao zina uhusiano wa damu na shauri letu wenyewe.

MWANZO WA BETHLEM

Mwaka wa 1247 tajiri mmoja wa London, Simon FitzMary, alitoa ardhi nje ya lango la mji liitwalo Bishopsgate, ili ijengwe nyumba ya watawa kwa heshima ya Mtakatifu Mariamu wa Bethlehemu. Baadaye nyumba hiyo ikawa hospitali ya kupokea maskini na wagonjwa. Na wakaguzi walipoingia mwaka wa 1403, waliwakuta humo watu sita waliopotewa na akili. Tangu hapo haikuacha kazi hiyo. Ndimi za watu wa London zikalikata jina la Bethlehemu likawa Bedlam, na neno hilo mpaka leo katika Kiingereza maana yake ni ghasia na makelele. Tazameni jinsi jina la mji alikozaliwa Bwana lilivyogeuka kuwa dhihaka, kwa sababu tu ya wale waliokaa katika nyumba ile. Wanachama wa Nairobi wanalijua jambo la namna hiyo, maana watoto wetu wakigombana njiani huambiana, “Wewe ni wa Mathari.”

Nyumba ya kwanza ilipochakaa, ya pili ilijengwa mahali paitwapo Moorfields, ikafunguliwa mwaka wa 1676. Aliyeichora ni Robert Hooke, mtaalamu mashuhuri wa zama zake. Kwa nje ilikuwa kama jumba la mfalme. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jumba hilo lilijengwa juu ya handaki la kale la mji lililokuwa limefukiwa, bila misingi ya kutosha, na baada ya miaka kuta zikapasuka na kuinama. Na huko ndani, watu wa mji waliruhusiwa kuingia na kuwatazama wagonjwa kwa kicheko, kama watazamao wanyama, mpaka ruhusa hiyo ilipowekewa mipaka mwaka wa 1770. Mwaka wa 1814 wakaguzi, Edward Wakefield akiwa miongoni mwao, walimkuta humo mtu mmoja aitwaye James Norris, amefungwa kwa vyuma shingoni na kifuani, vyuma hivyo vimeunganishwa na nguzo. Naye alikuwa katika hali hiyo kwa karibu miaka kumi. Habari yake ilifika Bungeni, na wengi waliona haya.

Mwaka wa 1815 Bethlem ilihama tena, ikaenda St George’s Fields, kusini mwa mto Thames. Safari hii palikuwa na jambo jipya. Serikali ilitoa fedha ili yajengwe mabawa mawili mbali kidogo na wagonjwa wengine, moja la wanaume 45 na jingine la wanawake 15. Mabawa hayo yalifunguliwa mwaka wa 1816 kwa ajili ya wale waliotenda makosa hali wana wazimu. Hapo ndipo hospitali na gereza vilipoanza kukaa chini ya paa moja.

WATU WAWILI WALIOBADILI SHERIA

Yatupasa tueleze jinsi watu hao wa mabawa walivyopatikana. Zamani mtu aliyekosa kwa wazimu, mahakama ikishamwona hana hatia, aliweza kurudishwa kwa jamaa zake wamwangalie. Hali hiyo ilibadilika tarehe 15 Mei 1800. Siku hiyo James Hadfield, askari wa zamani aliyekatwa kwa panga kichwani vitani mwaka wa 1794, alimpiga Mfalme George wa Tatu risasi katika jumba la michezo la Drury Lane, London. Risasi ilimkosa Mfalme. Wakili wake, Thomas Erskine, alionyesha mahakamani majeraha ya kichwa chake na jinsi yalivyomharibia akili, na Hadfield akaonekana hana hatia. Lakini je, mtu aliyemlenga Mfalme aachwe aende zake? Kabla ya miezi miwili na nusu kwisha, Bunge lilitunga sheria ya kwamba mtu wa namna hiyo azuiliwe mpaka Mfalme atakapopenda. Hakuna idadi ya miaka iliyoandikwa. Hadfield aliishi katika kifungo cha namna hiyo mpaka akafa mwaka wa 1841.

Wa pili ni Daniel M’Naghten, fundi wa kukereza mbao kutoka Glasgow. Yeye aliamini kwamba watu wa chama kilichotawala walikuwa wakimfuatia usiku na mchana wapate kumwangamiza. Tarehe 20 Januari 1843 alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa siri wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye Drummond akafa siku ya tano yake. Waganga walitoa ushahidi kwamba M’Naghten hana akili timamu, na baraza la mahakama likamwona hana hatia. Watu wengi, hata Malkia Victoria mwenyewe, walikasirika. Ndipo Baraza la Malodi likawaita majaji na kuwauliza maswali, na majibu yao yakawa kanuni. Kwa maneno machache, kanuni yasema kwamba mtu hahesabiwi hatia ikiwa, wakati wa kutenda, ugonjwa wa akili ulimfanya asijue analolitenda, au ikiwa alilijua asijue ya kuwa ni ovu.

Kanuni hiyo ilisafiri pamoja na utawala wa Kiingereza mpaka kwetu, ikaingia katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kijana wa mama yetu alipimwa kwa mizani hiyo hiyo.

KWA NINI WALIHAMISHWA

M’Naghten alipelekwa Bethlem, akakaa humo miaka ishirini na moja. Katika miaka hiyo mabawa yalijaa hata hayakutosha. Wengine walipelekwa katika nyumba ya binafsi iitwayo Fisherton House, karibu na mji wa Salisbury; wengine walitawanywa katika hospitali za wilaya, na wengine wakabaki magerezani. Waganga na wasimamizi wa hospitali walilalamika. Walisema haifai mtu aliyeua alazwe pamoja na mtu ambaye kosa lake ni kuugua tu, na kwamba jamaa za wagonjwa wa kawaida waliona aibu kuwaleta watu wao mahali hapo. Mganga Mkuu wa Bethlem tangu mwaka wa 1852, Charles Hood, alijaribu kuyapunguza machungu. Mwaka wa 1857 aliwatoa baadhi ya watu wa mabawa waliokuwa watulivu na kuwapa vyumba bora zaidi. Hata hivyo mabawa yalibaki na giza na msongamano.

Mwaka wa 1860 Bunge likatunga sheria ya kujenga hospitali mpya ya watu hao peke yao. Mahali palipochaguliwa ni Broadmoor, juu ya kilima penye misonobari karibu na kijiji cha Crowthorne katika jimbo la Berkshire, kama kilometa 50 kutoka London. Palikusudiwa watu 500, yaani wanaume 400 na wanawake 100.

Hapa tunawaomba wanachama watazame mambo mawili yaliyokwenda pamoja. La kwanza ni la huruma: mahali papya palikuwa na hewa safi, mashamba, na mandhari ya mbali ambayo mtu aliyefungiwa mjini kwa miaka mingi hakuiona kamwe. La pili si la huruma. Watu hao walikuwa wakiondolewa machoni pa mji. Naye aliyepewa kazi ya kuichora hospitali hiyo ni Sir Joshua Jebb, mwanajeshi mhandisi, mkuu wa ujenzi wa magereza, ambaye alikwisha kulijenga gereza mashuhuri la Pentonville lililofunguliwa mwaka wa 1842. Mjenzi wa gereza ndiye aliyejenga hospitali. Swali la mzee wetu, kumbe, lilikuwa limeandikwa katika matofali tangu siku ya kwanza.

KUHAMA KWENYEWE

Watu wa kwanza kuingia Broadmoor hawakuwa majitu ya kutisha kama wengi walivyodhani. Walikuwa wanawake wanane waliotoka Bethlem, nao walifika tarehe 27 Mei 1863. Wa kwanza kuandikwa katika daftari alikuwa mama aliyemuua mtoto wake mchanga. Na wengi wa wanawake waliofuata walikuwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Wazee wetu wa kike wanajua jinsi akili ya mwanamke iwezavyo kuvurugika baada ya kujifungua, wala hawahitaji kufafanuliwa.

Wanaume walianza kufika tarehe 27 Februari 1864. M’Naghten aliletwa mwezi wa Machi mwaka huo. Alikuwa ameingia Bethlem kijana, sasa ni mtu mnyonge mwenye maradhi. Hakufaidi sana hewa ya kilimani, maana alifariki mwezi wa Mei 1865, mwaka mmoja tu baada ya kuhama. Mtu ambaye jina lake hutajwa katika mahakama za nchi nyingi alikufa bila kurudi kwao Glasgow.

Mwingine aliyehamishwa ni Richard Dadd, mchoraji hodari, aliyemuua baba yake mwaka wa 1843 akiamini kwamba si baba bali ni shetani. Huko Bethlem msimamizi mmoja alikuwa amemwomba amchoree picha, na Dadd akaifanyia kazi kwa karibu miaka tisa, jani kwa jani na uso kwa uso, katika kipande cha kitambaa kisichozidi upana wa meza ndogo. Mwezi wa Julai 1864 amri ya kuhama ilipomfikia, picha ilikuwa haijakwisha. Aliiacha vivyo hivyo, na mpaka leo katika jumba la picha la Tate mjini London pembe moja yake haina rangi kamili. Mwaka ule ule, akiwa Broadmoor, alikaa akaichora upya kwa kuikumbuka tu. Twaliandika jambo hili ili wanachama watambue kwamba anayehamishwa kwa amri hahesabiwi kuwa na kazi aliyoianza, wala rafiki, wala kiti alichokizoea. Huchukuliwa kama mzigo. Na bado mtu yumo ndani yake, akikumbuka.

MAISHA YA MAHALI PAPYA

Broadmoor ilikuwa na kuta ndefu na milango ya kufuli, lakini ndani palikuwa na kazi na desturi za watu. Wanaume walilima bustani, wakafanya useremala na ushonaji. Wanawake walishona na kufua. Palikuwa na kanisa, vitabu, muziki na mchezo wa kriketi. Dadd alichora mapambo ya jukwaa la michezo yao ya kuigiza, akaishi humo mpaka alipofariki mwaka wa 1886.

Tusidanganye kwa kusema kwamba palikuwa salama siku zote. Mganga Mkuu wa kwanza, John Meyer, alipigwa kwa jiwe na mgonjwa kanisani mwaka wa 1866. Aliyemfuata, William Orange, alipigwa vivyo hivyo mwaka wa 1882, naye akalazimika kustaafu mwaka wa 1886 kwa kuwa afya yake haikurudi. Watumishi wa hospitali za namna hii wanastahili heshima, maana huwahudumia watu ambao siku moja huenda wakawageukia.

Lakini kuna mambo mawili zaidi ambayo yanalihusu shauri letu moja kwa moja.

Jambo la kwanza ni habari ya William Chester Minor, mganga wa jeshi la Marekani. Mwaka wa 1872, huko Lambeth, London, alimpiga risasi mtu mmoja asiyemjua, George Merrett, mfanyakazi maskini aliyekuwa akienda kazini alfajiri, akamwua. Minor aliwekwa Broadmoor. Kwa kuwa alikuwa msomi, alinunua vitabu vingi, na kwa miaka mingi akawa anawapelekea watungaji wa kamusi kuu ya Kiingereza huko Oxford maelfu ya mifano ya matumizi ya maneno. Yasimuliwa kwamba mjane wa Merrett, aliyeachwa na watoto wengi, alikubali kwenda kumtazama mtu huyo aliyemfanya mjane, na kwamba kwa muda alikuwa akimchukulia vitabu kutoka mjini. Mwaka wa 1910 Minor, akiwa mzee, aliruhusiwa kurudishwa kwao Marekani. Ikiwa mjane aliweza kubisha hodi katika lango lile, sisi tulio jamaa wa mgonjwa tutasema nini?

Jambo la pili ni jinsi watu walivyotoka. Amri ya kuwekwa haikuwa na idadi ya miaka, lakini lango halikuwa la kuingilia tu. Waziri wa Mambo ya Ndani aliweza kumwachilia mtu aliyepona kwa masharti, na sharti kubwa lilikuwa hili: awepo mtu wa kumpokea na kuahidi kumwangalia. Wanawake wengi waliowapoteza watoto wao kwa mikono yao wenyewe walitoka Broadmoor kwa njia hiyo, wakarudi kwa waume zao, au kwa baba, au kwa dada. Yule asiyekuwa na mtu wa kumpokea alikuwa na hoja dhaifu sana, hata kama akili zake zilikwisha kurudi. Tunaomba wanachama walishike neno hili, maana ndilo kiini cha waraka wetu wote.

HOFU YA MAJIRANI

Haitakuwa haki kusema habari za wagonjwa tukaziacha za majirani. Tarehe 29 Aprili 1952 mtu mmoja, John Straffen, ambaye alikuwa amewekwa Broadmoor kwa kuwaua wasichana wawili, aliruka ukuta akatoroka. Kwa muda wa saa chache tu aliokuwa nje, mtoto wa kike wa miaka mitano aliuawa katika kijiji cha karibu. Baada ya msiba huo viliwekwa ving’ora katika vijiji na miji ya jirani, na kwa miaka mingi vilijaribiwa kila Jumatatu saa nne asubuhi. Watoto wa pande zile walikua wakiisikia sauti hiyo kila juma.

Kwa hiyo wanachama waliosema, “Mtu kama huyo ni wa kufungiwa,” hawakusema upumbavu. Hofu yao ina sababu. Wala hatusemi kuta zibomolewe. Tunasema tu kwamba ukuta ni wa kumzuia mtu asidhuru watu. Haukujengwa ili watu wa kwao wamsahau.

HOSPITALI AU GEREZA?

Waingereza wenyewe walichukua karibu miaka mia moja kulijibu swali la mzee wetu. Tangu mwaka wa 1863 Broadmoor ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ile ile iliyosimamia magereza. Sheria ya mwaka wa 1948 iliiondoa katika mikono hiyo, na Sheria ya Maradhi ya Akili ya mwaka wa 1959 ikaifanya kuwa hospitali chini ya Wizara ya Afya. Waliokuwa wakiitwa wendawazimu wakosaji wakaitwa wagonjwa.

Jina lilibadilika, lakini majengo yalibaki ya Jebb. Mwaka wa 2003 tume ya kukagua hospitali ilisema wazi kwamba majengo yale hayafai kwa uuguzi wa zama hizi. Vyumba vilikuwa vyembamba, na njia za ndani zilikuwa na pembe nyingi ambazo mwuguzi hakuweza kuziona. Baada ya miaka mingi ya mipango na majadiliano ya fedha, hospitali mpya ilijengwa ubavuni mwa ile ya zamani, na wagonjwa wakahamia humo mwezi wa Desemba 2019. Ina nafasi za watu 234, na gharama yake ilikaribia pauni milioni 250. Kuhama huku kwa pili kulikuwa kwa hatua chache tu, lakini kwa maana kulikuwa mbali kuliko kule kwa kwanza. Mwaka wa 1863 mchoro ulitoka kwa mjenzi wa magereza. Mwaka wa 2019 nyumba ilipangwa kwa kufikiri jinsi mwuguzi atakavyomwona mgonjwa, na mgonjwa atakavyoiona bustani.

Na Bethlem nayo? Ilihama kwa mara ya mwisho mwaka wa 1930, ikaenda Monks Orchard, nje kidogo ya London, ambako ingali ikiwahudumia wagonjwa. Jumba lake la St George’s Fields lilifunguliwa mwaka wa 1936 kuwa makumbusho ya vita. Mahali walipofungiwa wenye wazimu sasa pana mizinga ya watu waliohesabiwa kuwa na akili timamu.

NASI HUKU KWETU

Afrika ya Mashariki nayo ina habari zake za kuhama. Huko Uganda watu wenye wazimu waliwekwa kwanza katika gereza la Hoima. Mwaka wa 1934 wakawa na nyumba yao huko Mulago, na mwaka wa 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika. Huko Tanganyika, wamisheni Wajerumani walianza kuwapokea wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka wa 1904. Na Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka wa 1927.

Hapa kwetu, Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina la Hospitali ya Mathari mwaka wa 1924. Walioogopwa kwa ndui walifuatwa na walioogopwa kwa wazimu. Ardhi ilikuwa ile ile, na woga ulikuwa ule ule. Katika siku za ukoloni hata wazimu ulitenganishwa kwa rangi: Mzungu katika vyumba vyake, Mhindi katika vyake, Mwafrika katika vyake. Mambo hayo yamepita. Lakini lile neno la 1800, la mtu kuzuiliwa mpaka mtawala atakapopenda, liliendelea kuishi katika sheria zetu, Rais akichukua mahali pa Mfalme. Tangu mwaka wa 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema katika hukumu zao kwamba kumzuilia mgonjwa bila kikomo kwa namna hiyo hakupatani na Katiba ya mwaka wa 2010, na kwamba hali ya mtu huyo yapasa iangaliwe upya kwa wakati uliowekwa.

Basi ikiwa hali ya kijana wetu itaangaliwa upya, mganga atauliza kama amepona. Hakimu naye atauliza neno jingine, lile lile lililoulizwa Broadmoor: “Yuko nani wa kumpokea?” Siku hiyo barua ya mgeni haitatosha. Itafaa sauti ya mtu ambaye amekuwa akifika hospitali miaka yote, anayejulikana na wauguzi kwa jina, anayejua dawa gani mgonjwa anameza na ishara gani huonekana akianza kuugua tena. Mtu huyo hapatikani kwa siku moja. Hutengenezwa kwa safari nyingi, na kila safari ina nauli yake.

NENO LA MWISHO

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Miongoni mwetu wako wenye watu wao katika hospitali za namna hii, nao hawakusema neno katika Mkutano kwa sababu ya haya. Tunawajua wachache, wala hatutawataja. Tunataka tu wasome hapa kwamba Chama hakiwahesabu kuwa na aibu.

Halmashauri italeta azimio mbele ya Mkutano Mkuu ujao, ya kwamba Chama kiwe kikilipa nauli ya jamaa mmoja, mara moja kila miezi mitatu, kwenda kumtazama mgonjwa aliyewekwa hospitali kwa amri ya mahakama. Na kwamba mjumbe mmoja wa Halmashauri afuatane naye mara moja kwa mwaka, apate kujulikana na waganga. Mweka Hazina amekwisha kupiga hesabu, naye atazieleza mwenyewe. Wanaopinga watapewa nafasi ya kusema, maana hofu yao pia ni ya kusikilizwa.

Na kwa mzee wetu aliyeuliza swali, jibu letu kwa heshima ni hili: Baba, kijana yuko hospitali, lakini ni hospitali yenye ukuta wa gereza. Ukuta uko mikononi mwa Serikali. Sisi hatuna uwezo juu yake. Lakini kwamba mle ndani atakaa kama mgonjwa anayengojewa nyumbani, au kama mfungwa aliyesahauliwa, hilo kwa sehemu kubwa liko mikononi mwetu, na tutalipigia kura siku ya Mkutano.

Mama yake amesema atahudhuria.